Tuwaache Mabeki, Tutazame Mbele Yao

Jioni ya Jumatano, Novemba 19, 2025, siku moja baada ya Senegal kutufunga mabao 8-0 kule Antalya, Uturuki, niliingia kwa kinyozi ninakonyolewa hapa Nyayo Highrise, Nairobi, nikakuta kiti kitupu. Wateja walikuwepo, tena wengi, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kunyolewa. Walikuja kuhukumu mabeki.

Makanga mmoja wa matatu za 46, anayelala Soweto ya Kibera na kushinda njia ya Kawangware, ndiye aliyekuwa akiongoza mashtaka. "Upande wa kushoto ni kichochoro," alisema. "Mane anapita hapo kama mtu anaenda dukani kununua mkate." Bawabu wa ploti ya jirani hakukubali kosa liwe la mtu mmoja. "Si yeye pekee, boss. Wale wawili wa kati wanaangaliana tu. Huyu anangoja yule aende, yule anangoja huyu." Fundi wa viatu, mzee ambaye amekuwa akifuata mpira tangu kabla uwanja wa Nyayo kufunguliwa, alitikisa kichwa. "Vijana wangu, sisi tulikuwa na Bobby Ogolla. Mtu akifika kwa Bobby Ogolla alikuwa anarudi alikotoka."

Nimefundisha mabeki chipukizi katika viwanja vya Kibera na Kawangware kwa miaka 14, na hakuna nafasi uwanjani ninayoipenda kama hiyo. Kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Hasira ya wale watu ni halali: mabao 8 ni mabao 8, na Sadio Mane peke yake alifunga 3. Lakini naamini wamemkamata mtu asiyestahili kukamatwa. Bao linapoingia, kamera humwonyesha beki aliye chini, mikono kichwani, na sisi tunaamini tumemwona mwenye kosa. Kosa lenyewe huwa limetendeka sekunde 6 au 7 kabla, mita 30 mbele yake, na aliyelitenda ameshatoka kwenye picha.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu haina timu inayoishabikia. Katika mechi 10 za kufuzu Kombe la Dunia la 2026, Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walifungwa mabao 14. Mtu akisikia hivyo anafikiri ni ngome inayovuja kila siku. Sivyo. Gambia walitufunga 6 katika mechi mbili: sare ya 3-3 kule Abidjan mwezi Machi 2025, ambapo Wilson Lenkupae alisawazisha dakika za nyongeza, kisha kichapo cha 3-1 hapa Kasarani tarehe 5 Septemba. Gabon walitufunga 4, mawili nyumbani na mawili ugenini, na yale mawili ya uwanja wa Nyayo yalikuwa ya Pierre-Emerick Aubameyang. Ivory Coast walitufunga 3 katika mechi ya mwisho mwezi Oktoba. Burundi walipata 1 katika mechi mbili. Ushelisheli hawakupata kitu.

Kwa hiyo mabao 13 kati ya 14 yalitoka kwa mataifa matatu, na mataifa hayo yana kitu kimoja kinachofanana: wachezaji wa pembeni wenye mbio kali, waliozoea kupokea mpira wakiwa na uwanja mtupu mbele yao. Yankuba Minteh wa Brighton, Denis Bouanga wa Los Angeles, Amad Diallo wa Manchester United. Hawa hawamsumbui beki kwa chenga tu. Wanamsumbua kwa kumlazimisha kukimbia akitazama lango lake mwenyewe.

Kuna namba nyingine ambayo watu wameisahau. Juni 2024, kule Lilongwe, tulitoka sare ya 0-0 na hao hao Ivory Coast. Ivory Coast walimaliza kundi bila kufungwa hata bao moja katika mechi 10, wakaenda Kombe la Dunia. Siku ile ya Lilongwe tuliwazuia. Mkenya hakuzaliwa bila kipaji cha kukaba, na yeyote anayesema hivyo kwa kinyozi au kwenye redio anasema uongo.

Sasa turudi mwezi Agosti 2025, kwenye mashindano ya CHAN, kwa sababu jibu la ubishi huu lilionyeshwa pale mbele ya macho yetu na tulikuwa tunashangilia mno kuliona.

Katika mechi 5 za mashindano yale Kenya ilifungwa mabao 2 tu ndani ya mchezo. Tuliwafunga DR Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukawafunga Morocco 1-0, tukawafunga Zambia 1-0, kisha kwenye robo fainali Alphonce Omija akatutanguliza kabla ya Madagascar kusawazisha kwa penalti na kututoa kwa mikwaju. Morocco waliendelea wakachukua kombe, na Madagascar ndio waliokutana nao fainali. Kwa maneno mengine, timu mbili bora za mashindano yale zilipita Kasarani mikononi mwetu na zikapata bao moja la penalti.

Najua pingamizi, na makanga alilitoa kabla sijamaliza sentensi. "CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mzee. Minteh hakuwepo." Ni kweli. Kiwango kilikuwa cha chini na sitaki kulikwepa hilo. Lakini angalia mabao na kadi kwa pamoja. Dhidi ya Angola tulifungwa mapema, dakika ya 7, tukiwa wachezaji 11. Marvin Nabwire akaonyeshwa kadi nyekundu dakika ya 21. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya dakika 70, tukiwa 10, hatukufungwa tena. Dhidi ya Morocco, Chrispine Erambo alitolewa kuelekea mapumziko. Kipindi chote cha pili tulicheza 10 dhidi ya waliokuja kuwa mabingwa, na hatukufungwa.

Tulikaba vizuri zaidi tulipokuwa pungufu. Nilipolisema hilo, kinyozi aliyekuwa akininyoa alizima mashine.

Sababu si miujiza wala uzalendo. Timu ikibaki na watu 10, kila mchezaji anajua moyoni kwamba hana ruhusa ya kutangatanga. Mawinga wanarudi kusimama mbele ya mabeki wa pembeni. Viungo wanajibana katikati. Mshambuliaji anabaki peke yake. Mistari miwili ya watu wanne inasogeleana hadi beki wa kati anaweza kumgusa bega kiungo aliye mbele yake. Adui akipata mpira, anaupata akiwa na mgongo kwa lango au akiwa pembeni kabisa, na kilichobaki ni krosi za juu. Krosi za juu kwa mabeki kama Michael Kibwage na Omija ni chakula cha kila siku.

Turudipo kuwa 11, na hasa tunapokuwa nyumbani mbele ya mashabiki wanaotaka mabao, mistari inaachana. Mabeki wa pembeni wanapanda. Viungo wawili wanapanda nao. Mabeki wawili wa kati wanabaki nyuma, kwa woga ulio halali, kwa sababu wanajua mbio za wale waliokabidhiwa kuwakaba. Katikati kunabaki uwanja mtupu. Nimeurudia mchezo wa Gambia wa Septemba mara nne, nikisimamisha picha kila tunapopoteza mpira, na shimo hilo lilikuwepo karibu kila mara. Mchezaji wa Gambia alikuwa akigeuka hapo bila mtu kumgusa, akiinua kichwa, akitazama winga yupi ameanza kukimbia.

Hapo ndipo beki wa kati anapokabiliwa na swali ambalo mashabiki hawalioni kwa sababu linachukua nusu sekunde. Atoke kumkabili mwenye mpira, au arudi nyuma kulinda nafasi? Akitoka, mpira unapitishwa mgongoni mwake na winga yupo. Akirudi, mwenye mpira anasogea hadi ukingo wa boksi na kupiga. Bawabu alisema mabeki wetu wanaangaliana, na jicho lake ni zuri: ni kweli wanaangaliana. Wanaangaliana kwa sababu kila mmoja anauliza ni nani atoke, na hakuna jibu sahihi kati ya hayo mawili. Jibu sahihi lilipaswa kuwa mtu wa tatu aliyesimama mbele yao.

Mtu huyo tulikuwa naye. Victor Wanyama alicheza timu ya taifa tangu 2007 hadi alipostaafu Septemba 2021, na watu humkumbuka kwa bao lake dhidi ya Barcelona akiwa Celtic. Mimi namkumbuka kwa namna alivyokuwa akisimama. Katika kufuzu AFCON ya 2019, baada ya Sierra Leone kuondolewa kundini, mechi zetu 4 zilizohesabiwa zilituachia bao 1 tu la kufungwa, lile la Accra. Tuliwafunga Ghana 1-0 Kasarani, tukatoka 0-0 na Ethiopia ugenini, tukawapiga 3-0 nyumbani. Mabeki walisifiwa, na walistahili. Lakini tazama tena jinsi mpira ulivyokuwa ukiwafikia wapinzani: ukiwa umechelewa, ukiwa umepita pembeni, ukiwa umegongwa na mtu. Wanyama alistaafu mwishoni mwa Septemba 2021. Siku chache baadaye, tarehe 7 Oktoba, Mali walitufunga 5-0 katika mechi ya kwanza ya kocha Engin Firat. Sidai kwamba kuondoka kwa mtu mmoja kulileta mabao 5. Nadai kwamba tulipompoteza tuliagana naye kwa heshima zote, kisha hatukumtafuta mrithi wa kazi yake. Tulitafuta viungo wanaojua kupiga pasi. Wapo, na ni wazuri. Kazi ya kusimama mbele ya mabeki ikawa ya yeyote aliyekuwa karibu.

Nilijua mzee wa viatu hangependa nimguse Bobby Ogolla, kwa hiyo nilimwendea kwa adabu. "Mzee wangu, ile fainali ya 1987 unaikumbuka?" Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anakumbuka jina la mkewe. Gor Mahia na Esperance, Kombe la Washindi barani Afrika, ambalo wakati ule liliitwa Kombe la Mandela. Sare ya 2-2 kule Tunis, sare ya 1-1 Kasarani, Gor wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la bara. Na ngome ile ya Ogolla na Austin Oduor, bora kuliko zote ambazo macho ya mzee yameona, iliruhusu mabao 3 katika mechi mbili za fainali. Hakuna anayewakumbuka kama kichochoro, wala hawastahili. Walifungwa kama mabeki wote wa dunia wanavyofungwa, kisha wenzao mbele wakafanya yao. Mzee alikaa kimya kidogo. "Lakini walikuwa wanacheza pamoja kila wiki," akasema.

Hilo ni neno zito kuliko yote yaliyosemwa jioni ile, na nilimwambia hivyo. Uelewano wa mabeki hauletwi na kambi ya siku 4. Beki wa kati anahitaji kujua mwenzake anageukia mguu gani, anatoka lini, anapiga kelele gani. Mabeki wa CHAN walikaa kambini wiki nyingi pamoja, wakiwa wanafahamiana tangu ligi ya nyumbani. Mabeki wa mechi za kufuzu wanakuja kutoka kila kona. Joseph Okumu, ambaye kwa maoni yangu ndiye beki mwenye akili kuliko wote tulionao tangu Musa Otieno, ametoka Reims ya Ufaransa, tena majeraha yamemkosesha mechi mara kwa mara. Daniel Anyembe amekulia mpira wa Denmark. Wakikutana na wenzao wa ligi ya Kenya, lugha ya kukaba ni mbili tofauti.

Tofauti hiyo inaanzia mbali. Inaanzia hapa tunapokaa, na kuhusu hili nina uhakika kuliko jambo lolote ninaloliandika leo.

Shuka kutoka Highrise uingie Kibera Jumamosi asubuhi. Viwanja ni vifupi na vyembamba. Ardhi ni ngumu, vumbi kiangazi na matope masika. Watazamaji wanasimama ndani ya mstari, watoto wanakaa karibu na nguzo za goli, na wakati mwingine njia ya watu wanaokwenda sokoni inapita pembeni mwa kona. Kawangware hali ni hiyo hiyo. Timu mbili za watu 11 zinabanana katika eneo ambalo Ulaya lingetengewa watoto wa miaka 12. Beki anayekua hapo anajifunza mambo makubwa: kukaba mwili kwa mwili, kuruka kichwa katikati ya viwiko, kuusoma mpira unaodunda ovyo, kutoogopa. Sijaona mabeki jasiri kuliko wa Laini Saba.

Jambo moja hajifunzi. Hajawahi kuwa na mita 40 tupu nyuma yake. Hajawahi kugeuka na kukimbia na winga kuelekea lango lake akihesabu hatua, akichagua amsukume nje au amkate ndani. Katika uwanja wetu, mpira ukipita nyuma yake, golikipa yuko hapo hapo, au mpira umeshagonga ukuta wa mabati. Kwa hiyo mwili wake wote umefundishwa kukaba mahali palipobana. Mpe mahali palipobana na atakupa kipindi kizima dhidi ya Morocco bila kufungwa. Mtupe kwenye nyasi za mita 105 kwa 68, wenzake wakiwa mbali, mbele ya mtu kama Minteh, na umemtoa kwenye maji aliyozaliwa.

Kwa hiyo sikubaliani na kelele za kuleta mabeki wapya kila baada ya kichapo. Ukimweka mwingine kwenye shimo lile lile atafungwa vile vile, na tutakuwa tumepoteza vijana wawili badala ya mmoja. Nimeona jambo hili kwenye timu za mitaa. Kijana wa miaka 17 anakosea mara moja, jina lake linaimbwa kwa kebehi hadi sokoni, na wiki inayofuata anaomba acheze mbele. Kocha anakubali kwa sababu mashabiki wanataka. Beki mzuri amepotea hapo, na hakuna aliyeandika popote kwamba amepotea.

Tuna muda, ingawa si mwingi. AFCON ya 2027 tumepewa uenyeji pamoja na Uganda na Tanzania. Uwanja wa Talanta wa watu 60,000 ulianza kujengwa pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, ambapo mtu wa Kibera na mtu wa Kawangware wote wanaweza kwenda kwa miguu. Kocha Benni McCarthy, aliyekuwa mmoja wa washambuliaji wakali Afrika, anajua beki huogopa nini kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiogopwa. Ningemwomba mambo mawili tu. Achague kiungo mkabaji mmoja sasa, awe Richard Odada au Alpha Onyango au mwingine yeyote anayemwamini, na asimbadilishe kwa mwaka mzima hata akikosea. Na acheze mechi dhidi ya timu kubwa kama alivyocheza na Morocco baada ya kadi nyekundu, mistari ikiwa imesogeleana, bila kuwaonea aibu mashabiki watakaolalamika kwamba timu inajificha. Mimi nitakuwa miongoni mwa wanaoshangilia timu inayojificha vizuri.

Kwa viwanja vya huku kwetu kuna jambo ambalo halihitaji pesa wala shirikisho. Mwaka huu nimeanza kuwafundisha mabeki wangu kwa timu pungufu: sita dhidi ya sita, uwanja mzima, hakuna anayesimama ndani ya mstari. Mwezi wa kwanza walifungwa mabao mengi kiasi kwamba wazazi wawili waliniuliza kama najua ninachofanya. Mwezi wa tatu, kijana mmoja mwembamba wa Lindi ya Kibera, ambaye kila mtu alisema ni mdogo mno kuwa beki, alianza kugeuka mapema. Alikuwa anageuka kabla mpira haujapigwa. Nilimuuliza amejuaje. "Kocha, nikiona hakuna mtu amemfikia yule mwenye mpira, najua unakuja tu."

Nilimaliza kuwaeleza hayo, na makanga akatoa simu yake. Alikuwa ameihifadhi video ya mabao ya Gambia. Tuliinamia kioo kidogo, vichwa vitano, na kinyozi juu yetu akiwa bado ameshika mashine. Bao la kwanza likaanza kujengwa. Bawabu akanyoosha kidole kuelekea mabeki kama kawaida yake. Makanga akasimamisha picha kabla mpira haujawafikia, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza juu, mbali na lango, akatafuta kwenye nyasi tupu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hapa kulikuwa kwa nani?"